Kiyoyozi cha Gari Kisichopoza: Mwongozo kwa Wenye Magari wa Garissa na Kaskazini Mashariki

Mji wa Garissa, uliojengwa kwenye ukingo wa Mto Tana katika mwinuko wa takriban mita 150 tu kutoka usawa wa bahari, hupata joto la mchana linalozidi nyuzi 30 za Selsiasi karibu mwaka mzima, na katika kiangazi cha Januari hadi Machi, ambacho Wasomali hukiita jilaal, kipimajoto hukaribia 40. Kutoka hapo hadi Nairobi ni safari ya takriban kilomita 370, hadi Wajir ni zaidi ya kilomita 300, na Mandera iko mbali zaidi. Kwa hiyo mgonjwa anayeletwa hospitalini kutoka Dadaab, mtoto mchanga anayepelekwa nyumbani Habaswein au mzee mwenye maradhi ya moyo anayekwenda kliniki hukaa ndani ya gari kwa saa nyingi, na kiyoyozi kinapokataa kupoza, madhara yake hupita usumbufu wa kawaida. Hata insulini, ambayo chupa yake ikishafunguliwa haipaswi kuachwa katika joto linalozidi nyuzi 30, haiwezi kuvumilia safari ya namna hiyo bila kuhifadhiwa.

Pamoja na uzito huo, uchunguzi wa tatizo hili mara nyingi huishia kwenye kauli moja, kwamba gesi imeisha. Gesi hujazwa, baridi hurudi kwa wiki kadhaa, kisha mwenye gari hurudi gerejini kulipia gesi nyingine. Mwongozo huu unashikilia utaratibu ulio kinyume, yaani upepo unaopita kwenye mitambo uchunguzwe kwanza, umeme ufuate, na gesi iwe mshukiwa wa mwisho, kwa kuwa hatua mbili za mwanzo hazihitaji vyombo vya bei na ndizo zinazogusa sehemu ambazo vumbi na joto la eneo hili huziumiza zaidi. Tena gesi yenyewe imefungiwa ndani ya mabomba, haichomwi kama petroli wala haipunguzwi na kazi, na ikiwa imepungua basi kuna mahali ilipotokea.

Jinsi kiyoyozi kinavyofanya kazi

Kiyoyozi hakitengenezi baridi, bali huchukua joto lililo ndani ya gari na kulitupa nje. Msomaji aliyewahi kupakwa spiriti mkononi kabla ya kuchomwa sindano anakijua kiini cha jambo hili: kioevu kinapogeuka kuwa mvuke hunyang'anya joto kila kinachokigusa. Gesi inayotumika katika magari mengi yaliyoko barabarani Kenya, iitwayo R134a, huchemka katika nyuzi 26 chini ya sifuri ikiwa katika shinikizo la kawaida la hewa, na kwa sababu hiyo huweza kuchemka na kunyonya joto hata pale ambapo maji yangeganda. Kompresa, ambayo ni pampu inayozungushwa na injini kwa mkanda, huishindilia gesi hiyo hadi ikawa ya moto sana. Gesi ya moto hupita katika kondensa, yaani wavu wa vijibomba na mapezi membamba ya alumini uliosimama mbele ya rejeta, ambako upepo huichukulia joto na kuigeuza kuwa kioevu. Kioevu hupita katika kikaushio, kichupa kinachonyonya unyevu na kuzuia uchafu, kisha hupenyezwa katika tundu dogo la vali ya upanuzi na kuingia katika evaporeta, wavu wa pili uliofichwa nyuma ya dashibodi, ambamo huchemka na kuipoza hewa inayosukumwa na feni ya ndani.

Katika mzunguko huo kuna jambo moja ambalo kila mwenye gari wa Kaskazini Mashariki anapaswa kulielewa. Joto haliwezi kutoka katika kondensa kwenda hewani isipokuwa kondensa iwe na moto zaidi ya hewa hiyo, na hewa ya nje ikiwa na nyuzi 40, gesi hulazimika kushindiliwa hadi igeuke kioevu katika nyuzi 55 au 60, kazi ambayo huongeza sana mzigo wa kompresa. Limuru, ambako hewa ya mchana inaweza kuwa na nyuzi 20, kondensa iliyozibwa nusu na feni iliyochoka bado hutosha. Ndiyo maana gari lililopoza vizuri Nairobi huteremka Mwingi, likapita Ukasi, na kufikia daraja la Tana likiwa linatoa hewa vuguvugu, na dereva akaamini kwamba limeharibika njiani, ilhali udhaifu ulikuwapo tangu mwanzo ukifichwa na ubaridi wa nyanda za juu.

Kuisoma dalili kabla ya kufungua boneti

Dalili zikisomwa vizuri huokoa nusu ya kazi. La kwanza la kutenganisha ni nguvu ya hewa na ubaridi wake, kwa sababu ni mambo mawili yenye vyanzo tofauti. Hewa inayotoka kwa unyonge, hata ikiwa baridi, huelekeza kwenye chujio la hewa ya ndani, kwenye feni ya ndani au kwenye evaporeta iliyozibwa. Hewa inayotoka kwa nguvu lakini ikiwa ya moto huelekeza kwenye kompresa, kondensa, gesi au mlango wa kuchanganya hewa. Ikiwa hewa ni baridi gari linapokimbia na hugeuka vuguvugu linaposimama, karibu kila mara kosa liko kwenye feni ya mbele au kwenye uchafu wa kondensa. Ikiwa hewa huanza kwa baridi kali, kisha baada ya nusu saa ikapungua nguvu hadi karibu kukatika, na kurudi baada ya kiyoyozi kuzimwa kwa dakika chache, basi evaporeta inaganda barafu.

Kipimo cha haki hufanywa injini ikiwa imepata moto wake wa kawaida, madirisha yakiwa yamefungwa, kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani kikiwa kimewashwa, na kipimajoto kidogo kikiwa kimetiwa katika tundu la katikati la dashibodi kwa dakika kumi. Tofauti ya nyuzi 15 hadi 20 au zaidi kati ya hewa ya nje na ile ya tunduni ni dalili njema. Gari lililoshinda juani lisihukumiwe katika dakika za mwanzo, kwa sababu viti, usukani na paa lake huwa vimehifadhi joto linaloweza kupita nyuzi 60. Madirisha yafunguliwe na gari liendeshwe dakika mbili ili hewa hiyo ya moto itoke, ndipo yafungwe.

Dalili nyingine hupotosha. Dereva aliyezoea Mombasa au Lamu, ambako hewa imejaa unyevu, huona maji yakidondoka chini ya gari na kuyahesabu kuwa ushahidi wa kiyoyozi kizima. Akifika Wajir wakati wa jilaal na kukuta changarawe kavu chini ya gari lake, huingiwa na wasiwasi usio na sababu, kwani maji hayo hutokana na unyevu wa hewa unaogandia kwenye evaporeta, na hewa kavu haina mengi ya kutoa. Maji yakionekana kwenye zulia la abiria wa mbele, hilo ni kosa la kweli, kwa maana mpira wa kutolea maji umezibwa na tope la vumbi na unahitaji kuzibuliwa kwa upole kutoka chini.

Upepo na vumbi

Kondensa ndiyo sehemu ya kwanza kutazamwa, na katika eneo hili huenda ikawa ya mwisho vilevile, kwa kuwa ndiko kosa hupatikana mara nyingi. Vumbi laini la barabara za Modogashe na Habaswein huingia katikati ya mapezi na kushikana. Majani madogo ya mathenge, mti vamizi uliotapakaa kando ya Tana na kuzunguka makambi ya Dadaab, hujikusanya pamoja na mifuko ya plastiki, manyoya na wadudu. Makundi ya nzige wa jangwani yaliyoingia kupitia Mandera na Wajir mwishoni mwa mwaka 2019 yaliwakumbusha madereva kwamba hata wadudu wakiwa wengi wanaweza kuziba mbele yote ya gari katika kilomita chache. Uchafu mbaya zaidi ni ule usioonekana, uliojibana kati ya kondensa na rejeta iliyo nyuma yake, na ili kuuona hulazimu tochi ipitishwe katika nafasi iliyo baina ya hizo mbili.

Usafishaji hufanywa injini ikiwa imezimwa na imepoa, kwa maji ya bomba yasiyo na nguvu nyingi, yakielekezwa kutoka upande wa injini kwenda mbele, ili uchafu utoke kwa njia ulioingilia badala ya kushindiliwa ndani zaidi. Mashine ya kuoshea magari yenye mkondo mkali isitumike karibu, kwani mapezi hayo ni membamba kama karatasi, na yakilala, hewa haipiti tena. Yaliyokwisha kulala huweza kuinuliwa moja moja kwa brashi laini na subira. Maji ya visima vya Wajir ni magumu, yaani yamebeba chokaa kutoka katika miamba ya chini, na yakiachwa yakauke juu ya kondensa ya moto huacha utando mweupe. Ikiwa hakuna mengine ya kutosha, sehemu hiyo ioshwe jioni na isuuzwe mwishoni kwa maji ya mvua au ya mto yaliyotulia. Kwa gari linaloshinda katika barabara za vumbi, kuosha kondensa kila mwezi si kupita kiasi.

Baada ya kondensa hufuata feni. Katika magari madogo kama Toyota Probox na Noah, feni ya mbele huzungushwa na umeme, na inapaswa kuanza mara kiyoyozi kinapowashwa au muda mfupi baadaye. Injini ikiwa inanguruma mahali pamoja na kiyoyozi kikiwa kimewashwa, karatasi nyepesi iwekwe mbele ya wavu: ikivutwa na kushikwa, feni inavuta, ikianguka, feni imesimama, inazunguka kwa unyonge, au iliunganishwa kinyume na fundi aliyepita. Mkono usiingizwe kamwe karibu na feni hiyo, hata injini ikiwa imezimwa, kwa kuwa katika magari mengi huweza kuanza yenyewe. Katika magari makubwa ya safari kama baadhi ya Land Cruiser za dizeli, feni hufungwa kwenye injini kupitia klachi yenye mafuta mazito ya silikoni, ambayo hushika feni kadiri joto linavyopanda. Mafuta hayo yakivuja, feni huteleza, na gari hupoza vizuri katika mwendo wa kasi lakini hushindwa katika mchanga, ambako injini hufanya kazi kubwa na gari huenda polepole.

Kuna jaribio moja la bei rahisi ambalo huamua mzozo kati ya upepo na gesi. Gari likiwa limesimama na kiyoyozi kikiwa kimewashwa, maji yanyunyizwe juu ya kondensa kwa chupa au bomba kwa dakika mbili au tatu. Hewa ya ndani ikigeuka baridi upesi, kompresa na gesi hazina lawama kubwa, na kosa liko kwenye upepo. Ikibaki ya moto, uchunguzi uendelee mbele.

Chujio la hewa ya ndani, ambalo katika magari mengi ya Kijapani huwa nyuma ya kisanduku cha mbele ya abiria, huondolewa kwa mkono na kukaguliwa kwa dakika chache. Baadhi ya magari ya kazi hayana chujio hilo kabisa, na vumbi huingia moja kwa moja kwenye evaporeta yenye unyevu, likageuka tope.

Klachi, nyaya na mlango wa hewa

Kiyoyozi kinapowashwa, sahani ya mbele ya kompresa hupaswa kushikwa na sumaku ya umeme na kuanza kuzunguka pamoja na gurudumu la mkanda. Mafundi husema kompresa imekamata, na mlio mfupi wa kukamata husikika hata kwa aliyeketi ndani. Isipokamata, fyuzi ikaguliwe kwanza, kisha rilei, yaani swichi ndogo inayoendeshwa na umeme, ambayo mara nyingi huweza kubadilishwa kwa muda na nyingine ya aina ileile iliyo katika kisanduku kimoja, kama ile ya honi, ili ijulikane kama ndiyo yenye kosa. Mkanda uliolegea au kung'aa kwa ukavu hupiga yowe na kuteleza. Klachi iliyochakaa huacha nafasi pana kati ya sahani na gurudumu, hivyo kompresa hukamata asubuhi lakini hukataa mchana, kwa sababu sumaku iliyopata moto hupungua nguvu. Dalili hii hufanana sana na upungufu wa gesi na imewafanya wengi walipie gesi wasiyoihitaji.

Yapo magari ambayo kompresa yake haina klachi na huzunguka wakati wote, ikiongeza au kupunguza nguvu kwa vali ya umeme, na kwa hayo mlio usitarajiwe. Magari ya haibridi, ambayo yameongezeka Kenya, hutumia kompresa ya umeme wa volti nyingi kupitia nyaya za rangi ya machungwa; hizo huua, na mwenye gari asiziguse.

Kompresa ikikataa kukamata ilhali fyuzi na rilei ni nzima, huenda swichi ya shinikizo ndiyo inayoizuia. Swichi hiyo hukata umeme gesi inapopungua mno au shinikizo linapopanda mno, na hufanya hivyo ili kuokoa kompresa, kwa maana mafuta yanayoilainisha husafiri pamoja na gesi. Fundi anayeunganisha waya moja kwa moja ili kuipita swichi huenda akaleta baridi ya siku moja kwa gharama ya kompresa nzima, na azuiwe bila haya. Vivyo hivyo, kompyuta ya injini katika magari mengi huikata kompresa injini inapopata moto kupita kiasi, jambo linaloonekana kwa magari yenye mzigo yanapopanda kutoka bonde la Tana kuelekea Mwingi. Hapo kiyoyozi hakina kosa. Kinachopaswa kuangaliwa ni geji ya joto, maji ya rejeta na feni, na kifuniko cha rejeta kisifunguliwe kabla injini haijapoa.

Ikiwa kompresa inakamata na bomba nene la alumini linaloelekea ndani ya gari ni baridi kwa kuguswa, lakini hewa ya matunduni ni ya moto, basi baridi ipo na inachanganywa na joto la hita. Mlango mdogo wa kuchanganya hewa, ulio nyuma ya dashibodi, huendeshwa na waya au mota ndogo, nao huweza kukwama kwa vumbi au kuvunjika kishikio. Sauti ya tiktik nyuma ya dashibodi joto linapobadilishwa ni alama ya mota iliyovunjika meno.

Gesi

Yote hayo yakishakaguliwa, gesi hupata zamu yake, na vumbi ambalo limelaumiwa hadi hapa hugeuka msaidizi. Gesi inapovuja hutoka na mafuta kidogo, na mafuta hayo hushika vumbi. Kwa hiyo kiungo cha bomba chenye duara la uchafu mweusi ulioloana, hali sehemu nyingine ni kavu na za kijivu, ndicho cha kushukiwa kwanza. Povu la sabuni likipakwa hapo huonyesha viputo ikiwa uvujaji ni mkubwa, na uvujaji mdogo hutafutwa kwa rangi maalumu inayong'aa chini ya taa ya urujuanimno. Mawimbi ya barabara ya changarawe hulegeza viungo na kusugua mabomba kwenye bodi, na kokoto zinazorushwa na lori la mbele hutoboa kondensa, hivyo maeneo hayo yatazamwe kabla ya kwenda mbali.

Fundi mwenye geji mbili, ya buluu kwa upande wa shinikizo dogo na nyekundu kwa upande wa shinikizo kubwa, huweza kujifunza mengi. Injini ikiwa imezimwa kwa muda mrefu, geji zote husoma sawa, na kwa R134a usomaji huo hufuata joto la mitambo: takriban paundi 97 kwa kila inchi ya mraba katika nyuzi 30, 114 katika nyuzi 35 na 133 katika nyuzi 40. Usomaji ulio chini sana ya hapo humaanisha gesi imepungua mno, lakini usomaji sahihi haumaanishi kiasi kimetosha, kwa kuwa hata kioevu kidogo kikibaki ndani hutoa shinikizo lilelile. Injini ikiwashwa, geji zote mbili zikiwa chini huonyesha upungufu wa gesi. Zote mbili zikiwa juu huonyesha kondensa isiyopata upepo, gesi iliyozidi au hewa iliyoingia katika mabomba. Ya buluu ikiwa juu na nyekundu chini, kompresa imechakaa. Na ya buluu ikishuka hadi karibu na sifuri, kuna mahali palipoziba, mara nyingi kwenye vali ya upanuzi.

Ukarabati wa halali huanza kwa kuziba uvujaji. Kisha kikaushio hubadilishwa ikiwa mabomba yalikaa wazi, na pampu ya kunyonya hewa huunganishwa kwa angalau nusu saa, si kwa ajili ya kutoa hewa peke yake, bali kwa sababu katika hali ya ombwe maji huchemka hata bila moto na kutoka kama mvuke. Unyevu ukibaki huganda kwenye tundu la vali ya upanuzi, na kiyoyozi hupoza, hukatika, kisha hupoza tena. Gesi hupimwa kwa mizani kulingana na kibandiko kilicho chini ya boneti. Hata kibandiko kikiwa cha Kijapani, jina la gesi na uzito wake huandikwa kwa herufi na tarakimu zinazosomeka, na kwa magari madogo kiasi hicho huwa mara nyingi kati ya gramu 400 na 600. Kuzidisha ni kosa kama kupunguza, kwani gesi ya ziada hujaza kondensa kwa kioevu na kuinyima nafasi ya kutupa joto, na Garissa, ambako kondensa tayari imeelemewa, madhara yake huonekana siku hiyohiyo.

Aina ya gesi nayo ina uzito. Gesi ya zamani ya R12 iliondolewa kutokana na Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 kwa kuwa iliharibu tabaka la ozoni. R134a iliyoirithi haidhuru ozoni lakini huhifadhi joto la dunia mara zaidi ya elfu moja kuliko uzito uleule wa kaboni dioksidi, na ndiyo sababu makubaliano ya Kigali ya mwaka 2016 yalipanga kupunguza gesi za jamii yake. Kuiachia hewani kwa makusudi ni kosa dhidi ya watu ambao tayari wanaona ukame ukirudi upesi. Magari mapya zaidi hutumia R1234yf, na gesi hizi mbili hazichanganywi. Gesi ya kupikia isikubaliwe kamwe ndani ya mfumo wa gari, hata ikisemwa kwamba hupoza vizuri, kwa kuwa evaporeta ikivuja, gesi hiyo huingia moja kwa moja walipo abiria na hungoja cheche tu. Gesi ya kiyoyozi ikitoka kwa kasi hugandisha ngozi na jicho papo hapo, hivyo miwani na glavu ni vya lazima kwa anayefungua vali za kujazia.

Kazi ikikamilika, mwenye gari adai kuandikiwa aina ya gesi, gramu zilizotiwa na kiungo kilichozibwa, na karatasi hiyo ibandikwe karibu na kibandiko cha asili. Jaribio la kupokea gari lisifanywe asubuhi wala kivulini, bali saa nane mchana, gari likiwa limesimama na injini ikinguruma kwa robo saa nzima huku kipimajoto kikiwa tunduni, kwa kuwa saa hiyo na hali hiyo ndiyo itakayokutana na abiria foleni ikisimama darajani.